Bibi Titi Mohamed: Kutoka Ngoma ya Bomba hadi Kiti cha Rufiji

Katika taaluma ya fasihi simulizi mwimbaji wa ngoma huchunguzwa kwa kawaida kama mtunzi wa nyimbo. Huulizwa ametunga nini, kwa bahari gani, na kwa mafumbo ya namna gani. Ni mara chache kuulizwa sauti yenyewe ilimfikisha wapi, na nani aliikodolea macho akaitaka kwa kazi nyingine. Maisha ya Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na kufariki mwaka 2000, yanalazimisha swali hili la pili. Wengi humfahamu kama mwanasiasa. Wanafunzi wa historia humkuta katika sura zinazohusu TANU, na wakazi wa Dar es Salaam hulitamka jina lake kila siku kwa sababu ya barabara inayopita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Lakini kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa kiongozi wa waimbaji katika kikundi cha ngoma ya wanawake kilichoitwa Bomba, na makala haya yanashikilia kwamba siasa yake haieleweki vema pasipo ngoma ile. Aidha, kupanda na kushuka kwake katika jimbo la Rufiji, jimbo lililompeleka Bungeni na baadaye likamwangusha, kunasomeka vizuri zaidi endapo msomaji atakumbuka kwamba mwenye kuongoza wimbo hana wimbo bila waitikiaji.

Malezi

Baba yake alikuwa Mwislamu wa msimamo wa kale, ambaye hakutaka bintiye apelekwe shule ya serikali. Hofu hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Katika miaka ya 1930 wazazi wengi wa pwani waliiona shule kama mlango wa kubadili dini, na kwa kuwa shule nyingi za wakati huo zilikuwa za wamisheni, mtu hawezi kusema kwamba hofu yao haikuwa na msingi wowote. Baada ya baba kufariki, mama ndiye aliyeamua kumpeleka mtoto shuleni. Masomo hayakuendelea mbali. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kwa desturi ya wakati ule, na alipofikisha umri wa miaka 14 hivi aliozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Ndoa hiyo ilizaa mtoto mmoja wa kike, kisha ikavunjika.

Hapa ndipo wengi wanaposimulia maisha yake huruka moja kwa moja hadi mwaka 1954. Kuruka huko kunapoteza jambo la maana. Kati ya talaka hiyo na siasa kuna muda wa zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo mwanamke kijana wa Dar es Salaam, mwenye elimu ndogo ya darasani, alijipatia elimu nyingine ambayo haikuwa na cheti.

Mji uliomlea ulikuwa ukipanuka kwa kasi; sensa ya 1957 iliukuta na wakazi wapatao 128,000. Wahamiaji walitoka Uzaramo, Rufiji, Kilwa, Mafia, Matumbi, Unyamwezi, Umanyema, Ungazija na kwingineko, na katika Kariakoo, Ilala na Gerezani watu hao waliishi katika nyumba moja, chumba kwa chumba, wakichangia ukumbi na ua. Wanawake wa mji huo hawakuwa na vyama vya wafanyakazi, kwa kuwa wachache mno walikuwa na ajira ya mshahara. Hawakuwa na vyama vya wasomi. Walichokuwa nacho ni vikundi vya ngoma.

Ngoma kama chuo

Historia ya vikundi vya namna hii katika pwani ni ndefu. Lelemama ilichezwa Mombasa, Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam. Beni nayo, ambayo T. O. Ranger aliichunguza kwa kina katika miaka ya 1970, iligawa miji ya Tanganyika katika kambi zilizoshindana, Marini upande mmoja na Arinoti upande mwingine, zenye vyeo vya kuiga vya kijeshi na vya kifalme. Wanawake walikuwa na vikundi vyao ndani ya mkondo huo. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, sare zake, michango yake, na adui wake. Mwanachama alipofiwa, wenzake walikuja na sufuria na unga. Alipokuwa na arusi, walikuja na ngoma. Aliyekosa mchango alidaiwa, na aliyedharau deni alitungiwa wimbo.

Kwa mtaalamu wa lugha, jambo linalovutia zaidi ni kwamba vikundi hivyo havikukaa kikabila. Mzaramo, Mmatumbi, Mnyamwezi na Mmanyema waliimba pamoja, na lugha iliyowawezesha kufanya hivyo ni Kiswahili. Susan Geiger, mwanahistoria wa Kimarekani aliyewahoji wanawake wa TANU mwaka 1984 na kuchapisha kitabu chake juu yao mwaka 1997, alisisitiza kwamba utaifa wa wanawake hao haukuletwa na wasomi wakaugawa kama dawa. Kwa kiasi kikubwa wanawake walikuwa tayari wanauishi katika ngoma zao. Hoja hiyo ina uzito, ingawa Geiger kama mwanahistoria hakushughulika sana na upande wa kiisimu. Upande huo unastahili kuongezwa.

Kiongozi wa waimbaji katika ngoma ya wanawake alikuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza alitakiwa kuanzisha ubeti kwa sauti iitakayopenya ngoma, vigelegele na makofi, tena katika uwanja usio na kipaza sauti. Pili alitakiwa kusikiliza kiitikio na kupima kwa sikio kama kundi liko naye au limeanza kuchoka. Akikosea kipimo hicho, wimbo hufa mdomoni mwake mbele ya kadamnasi. Tatu, na hili ndilo gumu, alitakiwa kutunga papo kwa papo, kwa fumbo ambalo mlengwa atalielewa na wengine watalicheka, lakini ambalo hakuna atakayeweza kulipeleka kwa kadhi kuwa ni tusi. Anayeyamudu mambo hayo matatu kwa miaka kadhaa huwa amefundishwa ustadi wa kusema na umati. Katika miaka iliyofuata vyombo vya habari viliwapa wasanii hadhira kubwa zaidi. Redio ilikuwa imeanza kutangaza Dar es Salaam mwaka 1951, na televisheni haikufika Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Lakini katika Dar es Salaam ya miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, umaarufu ulikuwa kitu cha uwanjani. Mwimbaji alijulikana kwa sura, kwa sauti, na kwa mtaa anaotoka.

Bibi Titi alikuwa kiongozi wa waimbaji wa Bomba. Alijulikana hivyo kabla hajajulikana kwa jambo lingine lolote.

Kadi namba 16

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Miongoni mwa waliokuwa wakiandikisha wanachama wa mwanzo mjini alikuwa Schneider Plantan, mmoja wa wakongwe wa TAA, chama kilichotangulia. Mume wa Bibi Titi wa wakati huo, ambaye alikuwa dereva wa teksi, alipata kadi namba 15. Mkewe akapata namba 16. Kwa hivyo alikuwa mwanachama tangu mwanzo kabisa, ingawa kwa takriban mwaka mzima uanachama huo haukumtaka afanye jambo la pekee.

Kilichobadili mambo ni swali la mgeni. Katikati ya 1955 John Hatch, afisa wa Chama cha Labour cha Uingereza aliyeshughulikia mambo ya makoloni, alizuru Dar es Salaam na kukutana na viongozi wa TANU. Aliuliza sehemu ya wanawake ya chama iko wapi. Haikuwapo. Viongozi, ambao baadhi yao hawakuwa wamewaruhusu wake zao kutoka nje kwa ajili ya mikutano, walijikuta wakihitaji mwanamke wa kumwonyesha mgeni, na haraka hiyo ndiyo iliyowapeleka kwa mwimbaji wa Bomba. Alijitokeza pamoja na Tatu binti Mzee, na sehemu ya wanawake ikaundwa.

Ni rahisi kukichukulia kisa hiki kama mzaha wa historia, na kwa kweli kina mzaha ndani yake. Hata hivyo yafaa kuangalia kilichofuata. Bibi Titi hakwenda kuandikisha wanawake mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, ambao alikuwa akifahamiana nao kwa urafiki na kwa ushindani, na kiongozi alipokubali aliingia na kundi zima. Katika mwaka huo huo Oscar Kambona, aliyekuwa katibu mwenezi wa TANU, aliiandikia Ofisi ya Fabian ya mambo ya makoloni mjini London kuieleza kwamba mwanamke huyu, asiye na elimu kubwa ya kusoma na kuandika, alikuwa ameandikisha wanachama wanawake 5,000 kwa muda wa miezi mitatu. Takwimu hiyo ni ya mtu wa chama anayetaka kuwavutia marafiki wa ng'ambo, na msomaji makini ataipokea kwa tahadhari. Lakini hata ikipunguzwa kwa nusu, hakuna tawi la wanaume lililokuwa limefanya hivyo kwa muda kama huo. Jina la Kambona litarudi katika maisha haya baada ya miaka kumi na mitano, katika hati ya namna nyingine kabisa.

Ugumu wa kazi hiyo usipunguzwe. Mwanamke Mwislamu aliyeolewa kusafiri mikoani na wanaume wasio maharimu zake, kulala ugenini na kupanda jukwaani mbele ya halaiki ya wanaume, lilikuwa jambo la kutikisa heshima ya ukoo mzima. Wanawake waliomfuata walihitaji ruhusa ya waume zao, na wengine waliachwa kwa ajili hiyo. Kwa upande huu uimbaji wa ngoma ulimsaidia na kumdhuru kwa pamoja: ulimzoesha macho ya watu, na pia uliwapa wapinzani wake neno la kusema, kwamba huyu ni mcheza ngoma tu. Mwaka 1957, serikali ilipompiga marufuku Julius Nyerere kuhutubia hadharani, wasemaji wengine wa chama walizidi kuhitajiwa, na sauti ya Bibi Titi ilikuwa miongoni mwa zile ambazo watu walikuja kuzisikiliza hasa.

Neno uhuru, na jina Bibi

Maneno mawili yanayohusiana na maisha haya yanadai maelezo ya kiisimu, kwa sababu vijana wanaosoma habari hizi leo huyapa maana ambayo hayakuwa nayo mwaka 1955.

La kwanza ni uhuru. Katika matumizi ya leo neno hili limefungwa na bendera na tarehe 9 Desemba. Katika Kiswahili cha pwani cha zamani kidogo lilikuwa na kinyume chake kilicho wazi, nacho ni utumwa. Mtu aliyepewa uhuru ni mtumwa aliyeachwa huru na bwana wake. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922 tu. Mwaka 1955, basi, ilikuwa imepita miaka 33, na wazee waliozaliwa katika hali hiyo, au ambao wazazi wao walizaliwa humo, walikuwa hai mijini na katika vijiji vya mashamba ya pwani, Rufiji ikiwa miongoni mwake. Ngoma za wanawake zenyewe zilikuwa uwanja ambapo tofauti ya mwungwana na mtwana ilipimwa, ikashindaniwa na mara nyingine ikazikwa. Kwa hiyo mwanamke aliyesimama mbele ya wanawake wa pwani na kutaja uhuru hakuwa akiwafundisha msamiati mpya wa siasa. Alikuwa akilichukua neno ambalo lilikuwa likimhusu mtu mmoja na familia yake, na kulipa umbo la wingi. Hakuna tafsiri ya Kiingereza iliyoweza kufanya kazi hiyo, na hii ni sababu mojawapo kwa nini wasomi wa TANU, kwa umahiri wao wote, walihitaji wasemaji wa aina yake.

La pili ni Bibi. Leo mwanafunzi husikia bibi akafikiria nyanya, mama wa mzazi. Katika Kiswahili rasmi cha miaka ya 1950 Bibi kilikuwa cheo cha heshima cha mwanamke, sambamba na Bwana kwa mwanamume, na kilitumika hata kwa kijana aliyeolewa. Mwanamke aliyeitwa Bibi Titi mwaka 1955 alikuwa na umri wa miaka 29. Mabadiliko haya madogo ya maana yamemzeesha katika fikira za watu, hata picha ya mwanamke kijana, mchangamfu, aliyekuwa akitoka uwanja wa ngoma kwenda uwanja wa siasa, imefunikwa na picha ya ajuza mwenye hekima. Ni udanganyifu wa lugha, wala si wa mtu.

Rufiji

Jimbo la Rufiji, lililompeleka Bungeni katika miaka ya mwanzo ya uhuru, halikuwa jimbo jepesi. Wilaya ya wakati huo, makao yake makuu yakiwa Utete upande wa kusini wa mto, ilikusanya pamoja nchi ambazo hata leo hazifanani: bonde la mafuriko ambako watu walilima mpunga na kuulinda dhidi ya ndege na nguruwe wakiwa juu ya madungu, nchi ya juu ya Kibiti, yenye mikorosho na minazi, ambako barabara ya kwenda Kilwa hupita, na delta yenyewe, yenye mikoko, mikono ya mto na visiwa, ambako Nyamisati ndiyo bandari na safari hupangwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Mtu aliyetoka Dar es Salaam wakati wa masika aliweza kukwama njiani kwa siku kadhaa. Mto ulivukwa kwa pantoni. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 tu, na delta ilipowekwa chini ya wilaya mpya ya Kibiti katika muongo uliofuata, ilikuwa bado hufikiwa zaidi kwa mashua kuliko kwa gari.

Nchi hiyo ilikuwa na kumbukumbu zake za siasa kabla ya TANU. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, jirani na Rufiji. Kinjikitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro. Miaka kumi baadaye, Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa ndani ya delta baada ya kujificha humo kwa miezi mingi. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa kunyongwa kwa Kinjikitile alikuwa na miaka 65 sehemu ya wanawake ya TANU ilipoundwa. Wazee wa namna hiyo hawakuhitaji kuelezwa kwamba serikali ya kigeni inaweza kupingwa. Walichohitaji kuelezwa ni kwamba safari hii itapingwa bila bunduki wala dawa ya maji, na kwamba atakayewaeleza hivyo ni mwanamke.

Kuchaguliwa kwake kuwa mbunge wa nchi ya namna hiyo kulikuwa tukio, na halikuwa peke yake. Mwaka 1962 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wanawake wa Afrika ambao tarehe yake, 31 Julai, imekuwa siku ya wanawake wa bara hili. Katika mwaka huo huo uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Serikalini aliwekwa kuwa Waziri Mdogo, kama walivyoitwa wakati huo, akishughulika na maendeleo ya jamii na mambo ya wanawake. Katika muda wa miaka minane mwimbaji wa Bomba alikuwa amefika kwenye safu ya juu ya dola mpya.

Hata hivyo cheo kina lugha yake. Bunge na wizara viliendeshwa kwa majalada, mihtasari na kanuni, na sehemu kubwa ya kazi ya serikali ilikuwa bado katika Kiingereza. Mtu ambaye nguvu yake yote ilikuwa katika maneno yasemwayo uso kwa uso aliwekwa katika mazingira ambako neno lililoandikwa ndilo lililohesabiwa. Jambo hili halisemwi sana katika maelezo ya kuporomoka kwake, ambayo hupenda kuanza na Azimio la Arusha. Lakini dalili ya kwanza ilikuja mapema zaidi, na ilitoka Rufiji.

Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika kila jimbo lenye ushindani wagombea wawili wa TANU walisimama mbele ya wapiga kura, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, nao waliandamana katika mikutano ile ile, wakizungumza kwa zamu. Vigogo kadhaa waliangushwa, Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akiwa mmojawapo. Bibi Titi naye alishindwa Rufiji.

Tafsiri ya kushindwa huko ni suala la hukumu. Wapo wanaokuona kama sehemu ya wimbi la nchi nzima la kuwaadhibu viongozi waliokaa mjini, na hoja hiyo inakubalika. Lakini kwa mtu aliyetoka katika ngoma kuna jambo la ziada. Mwimbaji kiongozi huwa na kundi lake mbele ya macho yake. Akiona limenyamaza hubadili ubeti. Mbunge wa Rufiji aliyekuwa pia Waziri Mdogo na mwenyekiti wa UWT ya taifa hakuweza kuwa Mohoro, Kibiti na visiwa vya delta, na wakati huo huo akawa ofisini Dar es Salaam. Wanawake wa Kariakoo walikuwa kundi lake kwa kuwa aliishi nao, akawazika wafu wao na kucheza katika arusi zao. Watu wa Rufiji walikuwa wapiga kura wake, na hilo si kundi la ngoma. Kipimo cha sikio, ambacho hakikumtupa kamwe uwanjani, hakikuwa na njia ya kuvuka mto.

Kesi

Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Moja ya masharti yake ya uongozi liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Bibi Titi, ambaye alikuwa na nyumba za kupangisha, hakulikubali sharti hilo na alijiuzulu nafasi zake za uongozi. Msimamo wake umehukumiwa mara nyingi kama choyo, na mtu aliyeamini Ujamaa kwa dhati angeweza kuhukumu hivyo. Lakini haki inadai kukumbusha kwamba kwa wanawake wa pwani wa kizazi chake, waliopewa talaka kwa neno moja na kutolewa chumbani siku ile ile, nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo bima, akiba ya uzeeni na ulinzi wa pekee waliokuwa nao. Sharti lililoandikwa kwa kumfikiria mwanamume mwenye mshahara na pensheni lilimwangukia mwanamke asiye na vyote viwili kwa uzito mwingine.

Oktoba 1969 alikamatwa. Pamoja naye walishtakiwa Michael Kamaliza, aliyekuwa Waziri wa Kazi, pamoja na maafisa wa jeshi na wengineo, kwa kosa la kula njama za kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama hizo alikuwa Oscar Kambona, ambaye alikuwa ameondoka nchini mwaka 1967 na kukaa London. Ndivyo majina mawili yaliyokutana katika barua ya 1955 yalivyokutana tena, safari hii katika hati ya mashtaka. Kesi ilianza Juni 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, na shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC ya Afrika Kusini. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini nchini. Neno lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la vitabuni zaidi kuliko la mitaani. Kesi hiyo ililishusha hadi barazani.

Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Katika kifungo hicho mumewe alimtaliki. Baadhi ya wenzake wa zamani hawakuthubutu tena kulitaja jina lake, na katika simulizi rasmi za kupigania uhuru zilizosomwa mashuleni katika miaka iliyofuata nafasi yake ilikuwa ndogo au haikuwapo. Mwaka huo huo wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoyapa mambo ya umri wa kuolewa, talaka na mali ya wanandoa sura mpya. Mambo hayo matatu yalikuwa yameyaandama maisha yake tangu akiwa na miaka 14. Sheria ilipopita, yeye alikuwa gerezani.

Aliachiliwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Hakurudi kwenye siasa. Aliishi Dar es Salaam kwa utulivu, bila cheo, akitegemea biashara zake ndogo na nyumba aliyoweza kuibakiza. Rufiji aliyokuwa ameiwakilisha nayo ilikuwa imebadilika: baada ya mafuriko makubwa ya 1968 watu wa bondeni walihamishwa kutoka mashamba yao ya kando ya mto na kuwekwa katika vijiji vya nchi ya juu, na madungu mengi yaliachwa matupu.

Kurudi kwake katika kumbukumbu kulikuja taratibu. Watafiti walianza kumtafuta katika miaka ya 1980. Taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru mwaka 1991, gazeti la chama tawala lilimwita shujaa wa uhuru, na barabara iliyokuwa ikijulikana kwa jina la UWT, umoja aliouongoza kwanza, ikapewa jina lake.

Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2000 ulifanyika tarehe 29 Oktoba, ukiwa wa pili tangu vyama vingi virudishwe. Bibi Titi Mohamed alikuwa wakati huo mgonjwa hospitalini Johannesburg, katika nchi ambayo wakati wa kesi yake ilikuwa bado chini ya ubaguzi wa rangi. Alifariki huko tarehe 5 Novemba 2000, akiwa na umri wa miaka 74.